Mguu Uliomngoja Kaka

Nimeianza simulizi hii mara nyingi na kila mara nimeiacha, kwa sababu nikifika pale pa wodini hasira inanizidi. Watu wa kanisani wananishauri nisubiri hasira iishe ndipo niandike. Haiishi. Nimeamua kuandika nayo hivyo hivyo, maana huko nje kuna mtu ambaye mzee wake ameambiwa leo kwamba ana sukari, na mtu huyo hana nafasi ya kunisubiri nitulie.

Mzee wangu aliitwa Zakaria. Hakuwa babu yangu wa damu. Babu wa damu, baba yake mama, alikufa kabla sijazaliwa, akazikwa kwao magharibi, na Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya sisi Waluhya, akakataa katakata kurithiwa na shemeji yake. Alikuja Nairobi akapanga chumba Lindi, kule Kibera, akaanza kuuza chapati na maharagwe kando ya njia. Zakaria alikuwa fundi wa makochi, na kibanda chake kilitazamana na meko ya Kukhu. Alikuwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuoa. Mama yangu anasema alikula chapati za Kukhu asubuhi na jioni mpaka akanenepa, ndipo akapata ujasiri wa kusema alichotaka kusema. Mimi nilipopata akili alikuwa tayari Kuka wangu, yaani babu, na sikuwahi kumtafuta mwingine.

Kwetu babu humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita mke wake. Zakaria aliidai haki hiyo yote, bila kupunguza hata kidogo kwa sababu ya mambo ya damu. Mimi na mama tuliishi Kawangware, upande wa Gatina, na kila nilipofika Lindi kuwasalimu, Kuka aliitupa nyundo chini na kupaza sauti njia nzima isikie.

"Nafula amefika! Bibi yangu mdogo! Kukhu, toa kiti, mwenye nyumba amekuja!"

"Mchukue kabisa," Kukhu angejibu bila kugeuka. "Lakini uliza kwanza kama anajua kupika."

Jumapili baada ya kanisa alifungulia redio, akavaa suruali yake iliyopigwa pasi mpaka mstari ukasimama, akamvuta Kukhu katikati ya chumba. Katikati yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na kitanda, jiko na ndoo za maji, kwa hiyo walicheza wamesimama pale pale, mabega tu na kiuno, Kukhu akilalamika kwamba mchuzi unaungua. Kuka alimchotea maji. Alimfulia nguo na kuzianika mwenyewe, hata zile ambazo wanaume wa mtaa ule hawazigusi. Vijana wa plot, wapangaji wenzao, walimcheka kwamba ametawaliwa na mke.

"Mzee, umekaliwa chapati!"

"Nimekaliwa na chapati," aliwajibu, "na nyinyi mmekaliwa na njaa."

Ninaeleza haya yote ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeozea kitandani huku akimngoja mtu ambaye hakustahili kungojwa.

Ugonjwa ulianza na kiu. Mvua ndefu zilikuwa zimeshika, maji yalijaa kila mahali Lindi isipokuwa kwenye mtungi wa Kukhu, kwa sababu Kuka alikuwa anayamaliza. Choo kilikuwa mbali na njia inateleza, hivyo usiku alitumia mkebe. Asubuhi moja Kukhu alipotaka kuumwaga alikuta sisimizi wameuzunguka.

"Unaona?" Kuka alisema. "Hata sisimizi wanajua mimi ni mtamu."

Walicheka wote wawili, nami nilipohadithiwa nikacheka. Wewe usicheke. Ukiona sisimizi kwenye mkojo wa mtu wako, mshike mkono umpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Halafu akaanza kukonda. Wale mnaoishi miaka hii ya tisini mnajua mtu akikonda watu husema nini. Hawakulitaja neno ukimwi kwa sauti. Walipunguza tu kununua chapati. Wanawake waliokuwa wakimwachia Kukhu watoto wao walianza kuwabeba kwenda nao sokoni. Mteja mmoja aliyekuwa amelipia kochi alikuja kulichukua likiwa halijashonwa. Nilikuwa nataka kuwapiga. Kliniki ilipotuambia ni sukari nilifurahi, Mungu anisamehe, nikadhani sasa watanyamaza. Wakasema uongo mwingine.

"Sukari ni ugonjwa ya wadosi," jirani mmoja alimwambia mama, akimaanisha matajiri. "Fundi wa Lindi ataitoa wapi?"

Kuka alipoisikia hiyo, alitoka akasimama mbele ya meko ya Kukhu, watu wakipita kwenda kazini, akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. "Ni sukari!" alipiga kelele. "Kama kuna mtu haamini, akuje alambe!" Watu wakacheka, na kwa sababu walikuwa wamecheka wakaona haya kupita bila kununua. Biashara ilirudi kidogo kidogo.

Tukaingia maisha ya kliniki. Unafika bila kula kitu, kwa sababu lazima wapime. Unakaa kwenye benchi ndefu iliyong'arishwa na suruali za watu, kila mmoja akisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Mtu akizimia kwa njaa, benchi nzima inajua la kufanya kabla muuguzi hajatoka. Kulikuwa na mama mmoja wa Riruta ambaye kila mara alikuja na nduma zilizochemshwa, amezifunga kwenye kitambaa, na mtu akishapimwa humkatia kipande. Hakuwahi kutuuliza majina. Daktari alikataza sukari kwenye chai, na Kukhu, ambaye hakuwa mgonjwa, akaacha siku hiyo hiyo ili asinywe tamu mbele ya mumewe.

Dawa zilimkubali. Aliongeza mwili, akarudi kibandani, akarudi kucheza. Tulipoingia baridi ya Julai tulikuwa tumeanza kusahau.

Fundi wa makochi hufanya kazi na misumari midogo yenye vichwa bapa. Kuka aliiweka mdomoni akaitema mmoja mmoja kwenye vidole huku anapiga hadithi. Mingine ilianguka chini, na huko chini alivaa akala, vile viatu vya wazi vya mpira wa gari. Jumapili moja alikaa kitandani kuvua viatu, Kukhu akamwinulia mguu kumpangusa, akaona kichwa cha msumari kinang'aa kwenye unyayo. Umezama wote. Soksi ilikuwa na damu iliyokauka, ya zamani.

"Hata sikujua," Kuka alisema, akiugeuza mguu kuutazama kama si wake. "Mimi sasa ni chuma."

Nataka ukimsikia mtu yeyote mwenye sukari akisema hivyo uogope. Miguu yake haikuwa inahisi tena. Alikuwa ametembea juu ya msumari, kutoka nyumbani mpaka kibandani na kurudi, sijui kwa muda gani. Kukhu aliuchomoa, akaosha kwa chumvi, akafunga kitambaa safi. Kidonda kilikataa kufunga. Kidole gumba kikawa cha zambarau, halafu cheusi, na chumba kikaanza kuwa na harufu ambayo Kukhu alijaribu kuificha kwa kuchoma maganda ya machungwa.

Tulimpeleka hospitali ya umma ambayo sitaitaja. Mlangoni muuguzi aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Kabla sijafungua mdomo Kuka akajibu, "Huyu ni bibi yangu mdogo." Muuguzi akamtazama mzee, akanitazama mimi, akamgeukia Kukhu. "Na wewe mama?" Kukhu akasema, uso mkavu kabisa, "Mimi ndiye mkubwa." Muuguzi akaandika hivyo. Kwa muda wote tuliokaa pale wauguzi waliniita mke mwenza na kunionea huruma.

Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa raha. Daktari alikuwa msichana, pengine ananizidi miaka michache tu. Alifungua kitambaa, hakukunja uso, akaweka ncha ya kalamu yake nyuma tu ya vidole.

"Mzee, tukikata sasa, tunakata hapa. Utatembea. Utarudi kazi. Tukingoja, hii kitu inapanda."

"Nimeelewa, daktari," Kuka alisema. "Lakini lazima ndugu yangu mkubwa akuje kwanza."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Baba yao alishakufa na Mzee Barasa, kaka yake, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba kule nyumbani. Kwetu wapo wazee wanaoshikilia kwamba mwili wa mtu ni wa ukoo, hauwezi kupunguzwa mjini na watu wasiojulikana, na kilichokatwa lazima kirudishwe kikazikwe kwenye udongo wake. Nilimwambia Kuka kwamba udongo utangoja, mguu hautangoja. Akanivuta nikae kando yake, akashusha sauti ili Kukhu, aliyekuwa anatafuta maji, asisikie akirudi.

"Sikia, Nafula. Barasa hajawahi kuingia kwa nyumba yangu. Hajawahi kula chakula ya Kukhu. Kwake, Kukhu bado ni bibi ya yule marehemu, na mimi ni kijana tu hajaoa. Nikikufa leo, watanizika nyuma ya migomba kama mvulana. Lakini akikuja hapa? Atamkuta Kukhu ananilisha. Lazima amsalimie. Akimsalimia mbele ya watu, imeisha. Ni bibi yangu mpaka nyumbani."

"Na mguu?"

"Mguu itangoja kidogo."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na ilizaliwa ikiwa imechanganyika na mapenzi, ndiyo maana hainitoki. Angeweza kutoa vidole vitano na kwenda nyumbani. Aliviweka rehani ili mwanamke aliyempikia chapati aitwe mke na mtu mmoja mwenye kiburi.

Tulituma ujumbe kwa watu wa basi. Jibu likaja kwa njia hiyo hiyo: ni mwezi wa nane, ni mwaka wa tohara, mjukuu wa Barasa anaingia jando, na mkubwa wa ukoo hawezi kuondoka mpaka wavulana wapone na kutolewa nje. Tungoje.

Tungoje! Ninaheshimu jando la kwetu. Kaka zangu walioko nyumbani walipitia huko na nilipika pombe ya wageni. Lakini mtoto mwenye afya alikatwa mara moja akapona akiimbiwa, na mzee mgonjwa akazuiwa asikatwe mpaka nyimbo ziishe. Wale wazee hawakuona kichekesho chochote katika hilo. Mimi nilikiona kila siku, nikipanda ngazi za wodi na sufuria ya uji.

Kila mara daktari yule alipopita, kalamu yake ilikuwa imehama. Ilitoka kwenye vidole ikaenda katikati ya unyayo. Ikafika kwenye kifundo. Mara nyingine aliiweka kwenye muundi, akaniangalia mimi badala ya Kuka, halafu akaenda kitanda kingine. Sheria ilikuwa upande wake: mzee ana akili timamu, amekataa, hawezi kulazimishwa. Nilimchukia kwa kutii sheria, na ninajua hakustahili.

Wagonjwa walilala wawili wawili kitandani, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mwenzake Kuka alikuwa kijana aliyeitwa Otieno, amevunjika paja, na mguu unaooza ulikuwa karibu na uso wake mchana na usiku. Kwa harufu ile wageni waligeuka mlangoni wakarudi. Kuka alimwomba radhi kila asubuhi.

"Mzee, wacha," Otieno alisema. "Mimi hukaa karibu na mtaro. Hii pua ilikufa kitambo."

Sikuwahi kumwona tena baada ya sisi kutoka hospitali. Popote alipo, apewe kila kitu kizuri.

Kukhu aliosha mguu ule kwa mikono yake. Muuguzi alimletea dawa na kusimama mbali, Kukhu akafungua, akaosha, akafunga, huku anaimba pole pole nyimbo zile zile za Jumapili, na Kuka akitikisa bega moja. Mimi nilienda kwa mama kumwomba aseme neno. Mama ndiye mtoto wa pekee wa Kukhu aliyekuwa Nairobi, nilidhani akisema kwa uzito Kuka atasikia.

"Nafula, sisi si damu yake," mama alisema. "Tukisema akatwe halafu akufe, hao watu watasema tulimuua. Tunyamaze."

"Alikulipia shule."

"Najua."

"Alikubeba mgongoni ukiwa na malaria."

"Najua, Nafula! Unafikiri sijui?" Akaanza kulia, na mimi nikamwacha analia nikatoka, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wanaojua na hawasemi.

Mzee Barasa alikuja wakati mijakaranda ya mjini ilikuwa imeanza kuchanua. Alikuja na wazee wengine wawili, wamevaa makoti mazito, wana kofia mikononi. Nilikuwepo. Kuka alikuwa na homa, macho yamezama, lakini alikuwa amemwomba Kukhu amnyoe ndevu na amvalishe shati safi. Alipowaona mlangoni uso wake uling'aa kwa namna ambayo bado inaniumiza.

"Mulembe," Barasa alisema. Akamsalimia Kuka. Akanisalimia mimi. Akamsalimia hata Otieno. Kukhu alikuwa amesimama upande wa kichwani, akafuta mkono wake kwenye leso, akaunyosha. Barasa aliutia mkono wake kwenye mfuko wa koti.

Wodi ilikuwa na kelele kama kawaida. Mimi sikuisikia.

"Daktari ametuambia," Barasa alisema. "Sisi hatukatai kukatwa, mradi tupewe kiungo tukipeleke nyumbani. Lakini haya ni maneno ya ukoo. Huyu mama wa watu atoke nje kwanza, tuongee."

Kukhu akaanza kukunja leso yake aondoke. Amezoea. Kuka akamshika mkono.

"Unataka atoke?"

"Ni mambo ya nyumbani, Zakaria."

"Kaka, hii mguu inanuka mpaka watu wanafunga pua. Huyu anaiosha na mikono yake, na anaimba. Wewe umefika sasa hivi, hata hujauliza naumwa wapi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeeleza jambo rahisi. "Akitoka, mimi sina maneno ya ukoo."

"Basi tukiondoka, tumeondoka," Barasa alisema. "Na ukikatwa bila sisi, usitutafute. Mtu nusu hatumjui. Hatutakuzika."

Nilingoja Kuka atanie, maana hakuwahi kukosa la kusema. Alinigeukia.

"Nafula, ita daktari. Mwambie akate pale anataka. Na mguu wauchome huko kwao, hakuna mahali unaenda." Kisha akamwambia kaka yake, "Nilidhani nangoja ndugu."

Walikata juu ya goti. Sisemi zaidi juu ya siku ile, isipokuwa kwamba daktari alipotoka alisema, "Kama tungekata mwanzo..." akaacha. Ninyi mnaosoma, malizieni wenyewe.

Alipozinduka kabisa alimtafuta Kukhu kwa macho akamwambia, "Sasa soksi moja ikipotea hatutagombana." Kukhu akampiga kofi dogo la shavu, akalia.

Lindi haikuwezekana tena. Njia zile za mitaro na mawe hazina huruma kwa mtu wa magongo. Kibanda kikachukuliwa na fundi mwingine, nao wakahamia kwetu Gatina, chumba cha chini, mlango unaofunguka usawa wa ardhi. Sasa ilikuwa dawa ya sindano. Mimi ndiye niliyejifunza kudunga, nikifanyia mazoezi kwenye chungwa. Sindano tulichemsha kwenye kisufuria chake maalumu ambacho hakikuguswa kwa kazi nyingine. Dawa inataka baridi na hatukuwa na friji, hivyo Mama Njeri wa duka alituwekea kichupa kwenye friji yake katikati ya soda. Hakuomba chochote. Kila asubuhi Kuka alienda na magongo yake, tak, tak, akapiga foleni na watoto.

"Mama Njeri, nipe soda yangu ya matako."

Ukiwa na mgonjwa wa sindano, jua hili: akianza kutoa jasho baridi na kusema maneno yasiyo na kichwa, mpe kitu kitamu haraka, usingoje kuuliza. Kuka ikimtokea hivyo alimkemea mama yangu kwa Kiluhya kama afisa wa chifu, halafu akishapata maji ya sukari aliomba msamaha siku nzima.

Mguu usiokuwepo ulimwasha. Hilo hakuna aliyetuonya. Alikuwa amelala akasema, "Kukhu, nikune kidole," na Kukhu, bila kubishana, alinyosha mkono akakuna godoro, mahali ambapo kidole kingekuwa. "Shuka kidogo. Hapo." Anashusha pumzi. Niliwakuta hivyo mara nyingi. Jumapili alikaa kwenye ukingo wa kitanda, Kukhu amesimama mbele yake, wameshikana mikono, wakacheza mabega.

Tulipata misimu michache. Halafu figo zikakataa. Uso ukavimba, kisha mguu uliobaki, na kliniki wakaanza kutuambia mambo kwa sauti ya upole, ambayo ni ishara mbaya. Alikufa asubuhi, mvua ndefu zinaanza, Kukhu akimnywesha uji. Alimeza kijiko kimoja, cha pili hakukimeza.

Na Mzee Barasa akaja! Aliyeshindwa kuja kwa ajili ya vidole vitano alifika kwa ajili ya maiti kabla hatujamaliza kupanga viti vya matanga. Alikuja na koti lile lile, akasema mtoto wa ukoo hawezi kuzikwa mjini kama mtu asiye na kwao, ameshapanga na watu wa basi, tumpe mwili. Mama akanitazama. Wazee wa kanisa wakainamisha vichwa, wakaanza kusema kwamba ni kweli, mila ni mila. Kukhu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Hakuinuka.

"Ulisema mtu nusu hamumjui," alisema. "Huyu hapa ni nusu. Nyinyi mnakuja kuchukua nani?"

Maneno yalikuwa ya Barasa mwenyewe na wodi nzima iliyasikia; akavaa kofia yake akaondoka. Tulimzika Kuka makaburini Lang'ata, kwenye matope, tukiwa na mafundi wa Lindi na wateja wa chapati na Mama Njeri aliyefunga duka. Watu wa kwetu bado wanasema ilikuwa aibu. Waseme.

Kwa hiyo ninakuandikia wewe. Kila jioni, keti na mtu wako mwenye sukari, shika miguu yake, tazama nyayo na katikati ya vidole, hata akikasirika, hata akikutania. Asitembee bila viatu vizuri. Asioge maji ambayo hujayajaribu kwa mkono wako. Na daktari akikuambia ni vidole, toa vidole. Usitume ujumbe kwa mtu yeyote. Anayempenda mgonjwa wako yuko tayari hapo, amebeba sufuria. Ninajua nimeandika kwa ukali na sijutii, kwa sababu wakati wote ule watu walituambia mambo kwa adabu na mguu ukaendelea kuoza.

Kukhu naye alipata sukari. Tuliitambua mapema, kwa kuwa tulikuwa tumejifunza. Mwaka huu, baada ya Krismasi, kidole chake kidogo cha mguu kilipata lengelenge kutokana na kiatu cha kanisani, kikaanza kubadilika rangi, na kesho yake mimi na mama tulikuwa naye kwenye benchi zile zile. Daktari alikuwa kijana mwanamume, mwenye adabu nyingi. Alikitazama, akasema afadhali kitolewe kabla hakijaharibu vingine. Akaongeza kwamba anaelewa mambo ya wazee, si lazima iwe leo.

"Mnaweza kwenda nyumbani mjadiliane, mama. Kuna mtu ungetaka tumngoje?"

Mama akafungua mdomo kutaja wajomba zangu walioko nyumbani. Kukhu alikuwa ameshavua kiatu na kukiweka mapajani mwangu.

"Mtu wa kungoja nilishamzika," alisema. "Wewe kata."